Ng'ombe wa Mnadani Haulizwi

Kila nikipita mnada wa Pugu huwa nasimama kidogo kutazama wanunuzi wakikagua ng'ombe. Wanamzunguka mara moja, wanambonyeza mgongo, wanatazama nyonga, bei inatajwa. Mnyama mwenyewe haulizwi kama yuko tayari. Safari yake ya Vingunguti imeshaamuliwa na wengine.

Mwaka jana nilikaguliwa hivyo hivyo. Jimu yetu ni banda la mabati, na vyuma vingi ni vya zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi. Jioni moja kocha alinigeuza mbele ya kioo, akanibonyeza bega, akawaambia waliokuwepo, "Dogo yuko tayari." Mashindano ya fiziki yalibaki wiki tatu. Nikajibu, "Sawa, kocha."

Hakuniuliza nakula nini wala nalala saa ngapi. Wakati huo nilikuwa naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Darasani nisingepokea hitimisho la mtu aliyeangalia kwa macho jioni moja. Kwa mwili wangu mwenyewe nililipokea, tena kwa furaha.

Hesabu ilikuwa hii. Nilikuwa na kilo 82, na ili misuli ionekane nilihitaji kupungua kama kilo 7. Wataalamu wa lishe ya mchezo huu hushauri kupungua kati ya asilimia 0.5 na 1 ya uzito kwa wiki, ili mwili usile misuli pamoja na mafuta. Kwangu ilikuwa gramu 410 hadi 820. Kilo 7 kwa mwendo huo ni wiki 9 kwa haraka, wiki 17 kwa utulivu. Mimi nilikuwa na 3. Pengo hilo halizibwi kwa moyo wa kupambana. Nililiziba kwa njaa, na njaa iliposhindwa, kwa kiu.

Siku mbili za mwisho niliambiwa nisinywe maji ili ngozi ishike. Asubuhi ya mashindano, kituoni Gongo la Mboto, miguu ilikaza nikakaa chini vumbini. Mama mmoja muuza mihogo alikuja na kikombe cha maji.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama. Naenda kwenye mashindano."

"Mashindano ya nini?"

Nilijaribu kumweleza kuwa ni mashindano ya mwili wenye afya. Sentensi haikufika mwisho. Nikanywa maji, nikapanda gari la kurudi Pugu.

Jimuni walisema nimeogopa. Hapo ndipo ninapogombana nao hadi leo.

Fiziki ya wanaume ilitambuliwa rasmi na shirikisho la kimataifa, IFBB, mwaka 2012. Unavaa kaptura, unageuka pande nne mbele ya waamuzi. Wanatazama uwiano, mabega yaliyotanuka juu ya kiuno chembamba, na jinsi unavyojibeba jukwaani. Misuli iliyopitiliza inakupunguzia alama. Kwa hiyo anayekwambia "bado, ongeza mwaka, uwe wa miraba minne kwanza" anapima mchezo mwingine. Atakusubirisha mpaka uzeeke. Na anayekwambia "kaptura inaficha mapaja, twende tu" naye hajui anachosema. Huyu wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu maneno yake ni matamu.

Ukimbishia, atakutajia Arnold Schwarzenegger, aliyetoroka kambi ya jeshi la Austria mwaka 1965 kwenda kushindana Stuttgart, akashinda, kisha akafungwa jela ya kijeshi. Ni kweli. Lakini hiyo ni hadithi ya aliyerudi kuisimulia. Mohammed Benaziza, Mwalgeria, naye alishinda, Uholanzi, Oktoba 1992. Alifariki saa chache baadaye, mwili ukiwa umekaushwa maji. Huyo alikuwa mtaalamu wa kulipwa, si mwanafunzi anayehesabu mayai kwenye trei. Na ujinga wenyewe ni kwamba karibu robo tatu ya misuli ni maji. Tunajikausha ili tuonyeshe kitu kilekile tunachokimwaga.

Mimi nasema utayari haupo kwenye kioo. Uko tayari kama wiki zilizobaki zinatosha bila kujinyima kupita kiasi. Uko tayari kama umezoea kusimama na kugeuka mpaka uso hauonyeshi unavyoumia. Uko tayari kama hela ya chakula cha miezi hiyo ipo, na haijatoka kwenye ada wala kwenye kodi ya chumba. Na juu ya yote, uko tayari kama unaweza kujitoa. Mtu ambaye wiki ya mwisho hawezi kusema "nimeahirisha", kwa sababu ameshatangaza mtaani na kocha ameshajisifu, huyo anapelekwa tu.

Utasema kwa masharti haya hakuna atakayepanda jukwaani. Si kweli. Sijadai uwe mkubwa, wala sijadai ushinde. Mara ya kwanza unaweza kushika mkia, ukapigwa picha mbaya, ukacheka na wenzako, ukarudi nyumbani na daladala ukiwa umesimama kwa miguu yako. Hiyo kwangu ni mara ya kwanza nzuri sana. Wa mwisho mwenye afya atarudi mwakani.

Safari hii nimejipa wiki 20, na maji nakunywa. Juzi kocha alinikuta nikijizoeza kugeuka mbele ya kioo kilekile. Akanitazama kwa muda.

"Dogo, naona sasa uko tayari."

"Bado, kocha," nikamwambia. "Nikiwa tayari nitakwambia mimi."