Risasi ya Yamumbi Inasomwa na Nani?

Yamumbi, kitongoji cha Eldoret, ilifika The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Katika mashtaka ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 dhidi ya William Ruto na Joshua Sang, ilitajwa pamoja na Kiambaa, Langas, Huruma na Kimumu. Kesi ikakatizwa Aprili 2016, jaji mmoja akilalamikia kuvurugwa kwa mashahidi. Jeraha nalo ni shahidi. Halihongeki, ila linaoza.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu vifo 1,133. 405 vilitokana na risasi. Hapa Bonde la Ufa mishale nayo iliua, kwa hiyo kuandika "tundu kifuani" hakutoshi. Chembe ya mshale hukata ngozi. Risasi huikwaruza inapopenya, ikaacha duara la mchubuko. Bunduki ikifyatuliwa karibu, masizi na punje za baruti hubaki kwenye shati. Askari anayedai alikuwa akinyang'anywa silaha, shati hilo litamuunga mkono au litamsuta. Lakini mashati ya majeruhi wetu hukatwa kwa haraka, tena kupitia tundu lenyewe, yakatupwa. Simlaumu muuguzi anayepigania uhai; namuuliza aliyemnyima mfuko wa karatasi wa kuyahifadhi.

Wapo wanaotaja aina ya bunduki kwa kuangalia upana wa tundu. Upuuzi. Ngozi hutanuka na kurudi, na G3 na AK-47 zote hutumia risasi za milimita 7.62. Kinachoitambulisha bunduki ni mikwaruzo ambayo mtutu wake huichora kwenye kichwa cha risasi. Hapo ndipo penye utata: kichwa hicho hukabidhiwa polisi, na maabara ya silaha iko chini ya DCI, idara ya polisi haohao. Anayeshukiwa akiwa askari, mzani umeshikwa na ndugu yake. Sheria ya 2017 ya kuunda huduma huru ya wachunguzi wa vifo ilikaa miaka kabatini.

Wengine husema majirani wameshapatana, ya nini kufukua? Bila ridhaa ya familia, nami nasema kaburi lisiguswe. Ila familia ielezwe kwanza kinachodumu baada ya nyama kwisha. Risasi ikipenya fuvu, tundu la kuingilia hupanuka upande wa ndani, la kutokea hupanuka nje, kama kioo kilichopigwa jiwe. Mfupa huo bado unaweza kuonyesha kama marehemu alipigwa usoni au kisogoni.