MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Nyimbo za Kihindi na Watoto Wetu

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za nyimbo na sinema za Kihindi, maana wazazi wa Bukoba na walimu wa huku Muleba wametuuliza mara nyingi, Je, yafaa watoto wetu waziimbe? Nasi tulikuwa na jibu tayari, jibu fupi: Haifai. Lakini jibu hilo lilituletea shida nyumbani mwetu wenyewe, na kwa hiyo twaona ni haki tuwaelezeni yote tangu mwanzo.

Binti yetu ana miaka 14. Nyimbo hizo alizipata katika simu, akitazama picha za Kili Paul, kijana Mmasai wa mkoa wa Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema, wote wawili katika mavazi yao ya Kimasai, walifuatisha kwa midomo wimbo wa sinema Shershaah ya mwaka 2021. Picha zao zilifika India. Mwezi wa Februari 2022 Ubalozi wa India mjini Dar es Salaam ukampa kijana heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao wawili redioni. Basi binti yetu akawaza, Ikiwa Mmasai aweza, Mhaya ashindwe kwa nini? Akaimba akifagia, akaimba akiteka maji, akaimba akimenya ndizi.

Tukamwuliza, "Maneno hayo maana yake nini?"

Akajibu, "Sijui, Baba, lakini yapendeza."

Tukakasirika. Tukamwambia ya kuwa kinywa kisichojua kinenacho ni debe tupu, tukaichukua simu tukaifungia sandukuni. Naye akatii, kama alivyolelewa. Lakini tokea siku ile hakuimba tena wimbo wo wote, wa Kihindi wala wa Kihaya wala wa kanisani. Alitujibu "Ndiyo, Baba," na "Hapana, Baba," basi. Nyumba ikanyamaza majuma manne, nasi tulijifanya hatuoni.

Aliyevunja kimya ni mama yetu mzazi, ambaye akaa nasi katika uzee wake. Jioni moja tulimsikia jikoni, akifunika ndizi kwa majani, naye aimba kwa midomo iliyofumbwa sauti ile ile ya Kihindi, akiipinda mle mle ilimopindwa. Tulipomwuliza akasema, "Mwanangu, nilikwisha kuizoea. Nawe mwimbaji wangu umemfungia sandukuni. Nifanyeje?"

Usiku ule hatukulala upesi. Tukakumbuka kinanda tulichojifunza shuleni misioni, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi. Vinanda vya namna hiyo vilianza kutengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1840, vikapelekwa India na wamisionari na Wazungu wengine. Mwaka 1875 mjini Calcutta fundi mmoja, jina lake Dwarkanath Ghose, akakigeuza kiwe cha kupuliziwa kwa mkono, ili mpigaji aketi chini kama ilivyo desturi yao. Leo mtu akisikia sauti yake husema, Huo ndio Uhindi wenyewe! Wakubwa wa redio ya India hawakukubali. Walikikataza redioni tangu mwaka 1940 hata 1971, wakisema ni kigeni, wala hakiwezi kufuata mapindo ya sauti za kwao. Majumbani na hekaluni watu waliendelea kukipiga, kana kwamba hawakusikia neno. Tena kilivuka bahari kikaingia katika taarabu ya pwani yetu, na huko Mombasa marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifiwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa sauti zilizotoka katika sinema za Kihindi.

Kumbe kuchanganya muziki si jambo lililozuliwa na vijana wa leo. Bwana A. R. Rahman, aliyepata tuzo mbili za Oscar mwaka 2009 kwa muziki wa sinema Slumdog Millionaire, aziunganisha ngoma za kwao na mitambo ya umeme, naye apita njia waliyoipita wengi. Kusema kweli, nyimbo mpya nyingi hatuzipendi. Ngoma ya mashine yapiga kama mtu atwangaye kinu kitupu, na sauti ya mwimbaji yasafishwa hata husikii akivuta pumzi. Twapenda zaidi nyimbo za zamani za marehemu Lata Mangeshkar. Lakini hayo ni masikio yetu, nayo yamezeeka kidogo.

Liko jambo lililotutia aibu zaidi. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, alivuma kwa nyimbo zake za Kihaya, zikaimbwa Mwanza na Dar es Salaam, katika mabasi na arusini. Walioziimba, wangapi walijua Kihaya? Sisi tulijivuna sana. Hatukumwambia Mzaramo wala Mgogo ye yote ya kuwa kinywa chake ni debe tupu. Neno hilo tulimwekea mtoto wetu peke yake.

Asubuhi tukafungua sanduku, tukamwambia binti yetu ya kuwa tulikosa. Ilikuwa vigumu kutamka. Kisha tukapatana naye: kila wimbo autafutie maana kwanza, atueleze sisi na bibi yake. Akaona ya kuwa jina la wimbo ule wa Shershaah maana yake ni usiku mrefu, nao ni wimbo wa wapendanao, hauna matusi. Wa pili ulikuwa sala ya Wahindu ya hekaluni. Huo aliuacha mwenyewe kabla hatujasema neno. Wa tatu, bibi yake alisema ni upuuzi mtupu, akataka uimbwe tena.

Na sinema je? Nyingi ni ndefu mno, na mtu mmoja aangusha ishirini bila kuchafua shati. Tena wafasiri wanaozisemea kwa Kiswahili hutia chumvi nyingi, hata hujui lipi la sinema na lipi la mfasiri. Lakini katika Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995 kijana akataa kumtorosha mchumba wake, ingawa mama wa msichana amhimiza. Ataka baba mtu amtoe kwa hiari. Wazazi wengi wa huku wangemkubali mkwe kama huyo.

Walimu, twawaombeni mtazame Taare Zameen Par ya mwaka 2007. Humo mna mtoto wa miaka 8, jina lake Ishaan, ambaye herufi zamchezea mbele ya macho. Baba yake adhani ni uvivu, ampeleka shule ya bweni, huko aadhibiwa na kuchekwa, hata mwalimu wa kuchora, ambaye ni Aamir Khan, atambua ya kuwa mtoto ana akili ila kusoma kwamshinda kwa sababu nyingine. Tuliitazama pamoja na binti yetu. Katikati tuliondoka tukasimama uani.

Tulikuwa naye kijana wa namna hiyo katika darasa letu la mafundisho. Miaka miwili tulimweka benchi la nyuma, kwa kuwa hakuweza kusoma mstari mmoja. Jumatatu iliyofuata tulimwita peke yake, tukafunga kitabu, tukamwuliza kwa mdomo maswali 20. Alijibu 18. La mwisho alilijibu huku akitazama kitabu kilichofungwa, kana kwamba aogopa kitafunguliwa.

Sasa aketi benchi la mbele, nasi twajifunza namna ya kumfundisha. Sinema yenyewe yachukua karibu saa tatu; anzeni mapema, watoto wasije wakasinzia.