Mashauri ya Nyumbani: Mnong'ono Uliomwua Mama

Mwezi huu nawasimulia habari za ukoo mmoja wa Kikristo, ili sisi wenye nyumba na watoto tujifunze kuulinda ulimi. Mambo haya yalitokea Marekani, hapo nchi ile ilipokuwa ingali chini ya wafalme wa Uingereza.

William Towne na mkewe Joanna walikuwa watu wa Great Yarmouth, Uingereza, na binti yao Rebecca alibatizwa huko mwaka 1621. Yapata mwaka 1640 walivuka bahari pamoja na watoto wao, wakakaa Massachusetts, kwanza Salem, kisha Topsfield. Rebecca akaolewa na Francis Nurse, fundi wa vyombo vya mti, wakazaa watoto wanane. Mwaka 1678 wakapata shamba la eka 300 katika kijiji cha Salem, wakawa wakililipa kidogo kidogo. Rebecca alikuwa mshiriki wa kanisa, mwenye sifa njema kwa jirani.

Lakini palikuwa na moto uliofunikwa na majivu. Watu wa Topsfield waligombana na jamaa ya Putnam juu ya mipaka ya mashamba. Tena wako walionong'ona ya kuwa Joanna, mama yake Rebecca, alikuwa mchawi. Joanna akafa, akazikwa. Mnong'ono haukuzikwa pamoja naye.

Mwaka 1692 wasichana wa kijiji walianza kuanguka na kupiga kelele, wakisema kwamba watu fulani huwatesa kwa uchawi. Mmoja wao alikuwa Ann Putnam, mtoto wa miaka 12. Mwezi wa Machi wakamtaja Rebecca, naye alikuwa mzee wa miaka 71, mgonjwa, mwenye masikio mazito. Jirani 39 wakaandika majina yao katika waraka wa kumshuhudia wema.

Mwisho wa Juni akasimamishwa mbele ya baraza, na wale watu 12 waliowekwa kuamua wakasema hana hatia. Mara washitaki wakapiga kelele. Hakimu mkuu, William Stoughton, akawakumbusha watu hao neno alilolisema Rebecca juu ya mwanamke mwingine, kwamba ni mmoja wao. Yeye alikusudia kusema mfungwa mwenziwe. Wao walidhani asema mchawi mwenziwe. Wakamwuliza maana yake, wala hakujibu, kwa kuwa hakusikia, na moyo wake ulijaa huzuni. Kwa kimya kile wakamhukumu. Gavana alitaka kumwachilia, kisha akageuza shauri lake. Kanisa likamtenga. Tarehe 19 Julai akanyongwa. Katika ukoo ule husimuliwa kwamba wanawe walikwenda usiku kuutwaa mwili wake, wakauzika shambani kwao.

Wadogo zake wawili nao hawakusalimika. Sarah Cloyce alitoka kanisani siku ile mchungaji Samuel Parris alipohubiri habari za Yuda, akashitakiwa mara. Alikaa kifungoni miezi mingi, lakini akapona. Mary Easty aliwaandikia mahakimu, wala hakuomba uhai wake mwenyewe, ila aliomba damu nyingine isiyo na hatia isimwagwe. Akanyongwa tarehe 22 Septemba. Katika mambo hayo watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja akafa kwa kulemewa na mawe.

Sasa, ndugu, angalieni toba. Mwaka 1697 hakimu mmojawapo, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston mbele ya watu wote, ungamo lake likisomwa. Mwaka 1699, mchungaji mwingine alipokuwa amekuja kijijini, wana wa Nurse walirudi kwenye meza ya Bwana pamoja na jamaa za wale waliomshitaki mama yao. Na mwaka 1706 Ann Putnam, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alisimama kanisani na ungamo lake likasomwa: akakiri kwamba damu isiyo na hatia ilimwagwa kwa ushuhuda wake, akamtaja mama Nurse na ndugu zake wawili, akaomba radhi kwa Mungu na kwa jamaa zao. Mwaka 1712 kanisa likaifuta hukumu ya kumtenga Rebecca. Mumewe hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka 1695.

Basi, haitoshi mtu kutubu chumbani kwake, ikiwa uongo wake aliunena barazani. Alikomharibia mwenziwe jina, huko huko na aende akalijenge tena, ijapokuwa aliyeharibiwa amekwisha kufa.

Tusiseme hayo ni ya Marekani tu. Hata katika nchi zetu mama wazee wameuawa kwa neno la uchawi, na wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa jikoni tu. Mara nyingi jambo huanza na mtu mmoja kunong'ona, na wa pili kukubali kwa kichwa.

Wazazi, jioni watoto wakileta habari za jirani, waulizeni kwanza: je, umeyaona mwenyewe? Walimu, wafundisheni darasani amri ya Mungu ikatazayo ushahidi wa uongo, na habari hii iwe mfano wake. Nasi sote, tukimkuta mama mzee ambaye masikio yake hayasikii tena, tusikihesabu kimya chake kuwa hatia. Tumkaribie, tukaseme naye tena, polepole.