Upungufu sugu wa chembe sahani kwa watoto: tiba yafuata damu inayotoka, si hesabu pekee

Mwezi Agosti 2015, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha eltrombopagi kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja wenye upungufu sugu wa chembe sahani ambao tiba za awali hazikuwafaa. Desemba 2018 ilifuata romiplostimu, sindano ya kila wiki.

Katika maradhi haya kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huziandama chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Kiwango cha kawaida ni chembe 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita moja ya damu. Mtoto mgonjwa aweza kushuka chini ya 20,000. Watoto wengi hupona wenyewe. Ugonjwa ukipita miezi 12, huitwa sugu.

Kwa muda mrefu tegemeo lilikuwa steroidi na, mambo yakizidi, upasuaji wa kuondoa bandama. Steroidi za muda mrefu hudumaza ukuaji. Mtoto asiye na bandama naye hubaki katika hatari ya maambukizi makali maisha yake yote, jambo zito zaidi penye malaria. Dawa mpya hupita njia nyingine: huuchochea uboho utengeneze chembe zaidi. Si muujiza, hata hivyo. Katika utafiti wa watoto 92 uliochapishwa 2015, asilimia 40 ya waliopewa eltrombopagi walipata nafuu ya kudumu kwa wiki kadhaa, dhidi ya asilimia 3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Mwongozo wa wataalamu wa damu wa Marekani wa mwaka 2019 unapendekeza dawa hizo kabla ya kufikiria upasuaji. Lakini mwongozo huohuo unashauri kwamba mtoto asiyetoka damu, au mwenye michubuko ya ngozi tu, aangaliwe pasipo dawa. Ushauri huo ni mgumu kwa mzazi aliyeshika karatasi ya majibu yenye namba ndogo, ila una msingi: madhara ya dawa yaweza kuzidi ya ugonjwa.

Nchini Tanzania kuna hatua ya kutangulia, kwani malaria nayo hushusha chembe sahani. Kipimo chake kifanyike kwanza. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe. Anayetumia eltrombopagi asiinywe pamoja na maziwa, kwa kuwa kalisi huzuia dawa kufyonzwa. Mtoto akiumwa kichwa sana, akitapika baada ya kuanguka, au damu ya pua ikikataa kukatika, afikishwe hospitalini mara moja.