Habari za Januari, na filamu mbili kwa ajili ya kundi la familia

Najua nimepotea. Wiki sita bila kuandika, mpaka wengine mmeniuliza inboksi kama nimeolewa ama nimerudishwa nyumbani. Hakuna hata moja. Nimehama tu, na kuhama Minnesota mwezi wa Disemba ni adhabu ambayo simtakii mtu.

Basi habari kwa ufupi. Nimetoka ile nyumba ya Brooklyn Center tuliyokuwa tunaishi wanne na friji moja, sasa niko Brooklyn Park, chumba changu mwenyewe, dirisha langu mwenyewe. Gari bado ni lilelile. Asubuhi nalikwaruza barafu kama mtu anayeparua sufuria ya obokima iliyoungua. Ukiniuliza majirani ni akina nani, nitakwambia ni kama nimehamia Keroka yenye theluji: dukani nasikia Ekegusii, kanisani nasikia Ekegusii, na mbunge wetu katika bunge la jimbo, Huldah Momanyi Hiltsley, ni binti wa kwetu aliyechaguliwa Novemba 2024. Chinsaga napata pia, ya kugandishwa. Usiniulize bei.

Kazi ni ileile, usiku. Kuna msemo wetu huku: ukikutana na Mkisii Minnesota usimuulize anafanya kazi gani, muulize anafanya shifti gani. Kazi yenyewe ni ya kutunza wazee, karibu sote tumeipitia. Mimi naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa usiku, wakati nyumba imenyamaza, kwenu ni saa sita mchana, kwa hivyo naweka sikio moja la Egesa FM na kusikiliza matangazo ya vifo na harambee za watu wa vijiji ninavyovijua. Hiyo ndiyo pendekezo langu la kwanza, na ni la bure. Kama uko mbali na umeanza kusahau maneno, sikiliza redio ya kwenu. Muziki unaweza kuuruka ukitaka, ila usikose yale matangazo.

Sasa niingie kwa kitu kilichonifanya niandike leo.

Kuna bibi mmoja ninayemtunza. Sitasema jina wala nyumba. Ana dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole. Karibu kila usiku, saa nane hivi, anaamka, anavua nguo ya kulalia, anaenda mlangoni uchi akitafuta ng'ombe wa baba yake. Baba yake amekufa miaka mingi iliyopita. Anaongea nao hao ng'ombe, anawaita kwa majina. Ukimkataza kwa nguvu anakasirika, anaweza hata kukutemea mate. Kwa hivyo simkatazi. Namfunika shuka, namuuliza ng'ombe wamekamuliwa lita ngapi, tunakaa jikoni, anakula biskuti mbili, analala. Halafu mimi naandika kwenye daftari: ameamka saa nane, ametembea dakika arobaini, amekula, amelala.

Hayo tu ndiyo yanayompata. Anaandikwa kwenye daftari.

Sasa mchukue bibi huyohuyo, umweke Marani. Ama umweke Kebirigo, ama huko kwetu nyuma ya ukingo wa Manga. Mwanamke mzee, saa nane usiku, hana nguo, yuko kwenye boma la watu, anaongea peke yake. Nyinyi wenyewe mnajua jina atakalopewa. Sihitaji hata kulitafsiri.

Oktoba 2021, Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati na kuchomwa, wakisingiziwa kwamba wamemroga kijana mwanafunzi. Mei 2008, hukohuko kwetu, watu 11 walichomwa usiku kwa sababu hiyohiyo, wengi wao akina mama. Sisemi wote walikuwa wagonjwa wa dimenshia. Ninachosema ni kwamba dalili ninazolipwa kwa saa kuzihudumia huku ndizo ushahidi unaotolewa kule. Kupotea njia, kuongea na waliokufa, kutotambua mtoto wako mwenyewe, kuzurura usiku.

Na tusijidanganye kwamba ni ujinga tu. Kuna shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, na inakuja karibu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba. Mahali pamebanana hivyo, mjane mzee aliyekalia robo eka kando ya lami ni kikwazo kwa mtu fulani. Hakuna anayesimama na kusema nataka shamba la mama huyu. Anasema mama huyu anatembea usiku. Umati ukishafanya kazi yake, shamba linabaki bila mwenyewe.

Halafu tuna sheria. Sheria ya Uchawi ni ya 1925, ya enzi za mkoloni, na bado iko vitabuni. Watu wengi wanafikiri inaadhibu wachawi peke yao. Sheria hiyohiyo inasema kumshtaki mtu mwingine kwa uchawi ni kosa la jinai, isipokuwa umepeleka malalamiko kwa polisi, chifu au ofisa mwingine wa serikali. Maana yake ile sauti uliyoituma kwenye kundi la familia ukimtaja jirani ni kitu ambacho ungeweza kujibu mahakamani. Lakini nani ameshawahi kukuambia hivyo?

Ndiyo nafika kwa filamu. Mnaniuliza kila mwezi nitazame nini, na mara nyingi mnataka kitu cha kucheka. Mwezi huu sina cha kucheka, samahani.

Ya kwanza inaitwa The Letter. Ni filamu ya kweli, si ya kuigiza, ya Maia Lekow na Christopher King, mke na mume wanaofanya kazi Kenya, na ilitoka 2019. Kenya iliichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Hadithi ni ya Pwani, Kilifi. Kijana anaitwa Karisa, anaishi Mombasa, maisha yake ya kawaida, halafu anaona kwenye Facebook kwamba nyanya yake ameitwa mchawi. Nyanya ana miaka zaidi ya tisini na bado analima. Karisa anafunga safari kurudi kijijini kujua nani anamtishia, na kadiri anavyouliza ndivyo anavyogundua kwamba maneno yanatoka ndani ya familia yenyewe. Na ndiyo, kuna shamba.

Ni filamu ya polepole. Kuna watu watalala dakika ya ishirini, hasa nyinyi mliozoea video za sekunde thelathini. Vumilieni, haifiki hata saa moja na nusu. Kilichonishika ni kwamba hakuna jini hata mmoja ndani yake. Hakuna muziki wa kutisha. Kuna watu wazuri wa kanisa, wanasalimiana, wanakula pamoja, na katikati yao kuna mama mzee ambaye anaweza kuuawa. Nimeitazama mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natazama nyuso za wale wajukuu tu. Karisa hana pesa nyingi wala cheo. Alichofanya ni kwenda, kukaa, kuuliza. Kule Pwani wazee wa kiume pia wanalengwa, mvi zinatosha kuwa hatia, mpaka kuna mahali kama Kaya Godoma ambapo wazee waliotishiwa wanakimbilia. Sisi Gusii, wazee wetu wanakimbilia wapi?

Ya pili inaitwa The Father, ya 2020, ya mwongozaji Florian Zeller. Anthony Hopkins anaigiza mzee wa London mwenye dimenshia na alipata Oscar kwa kazi hiyo akiwa na miaka 83. Hii ni ya kuigiza, na ni ya wazungu, lakini niamini. Filamu nyingi za ugonjwa huu zinakuonyesha mgonjwa kutoka nje, unamhurumia. Hii inakuweka ndani ya kichwa chake. Unaona mlango, dakika tano baadaye mlango si ule. Binti yake anaingia na sura nyingine. Unaanza kujiuliza kama umekosa kitu, unarudisha nyuma, kumbe hujakosa kitu, ndivyo yeye anavyoishi. Nimefanya kozi mbili za kazi hii na hakuna mwalimu aliyenieleza vizuri kuliko dakika kumi za kwanza za filamu hiyo.

Tazama hii kwanza halafu The Letter. Ukitazama kwa mpangilio huo, ukifika kwa yule nyanya wa Kilifi utakuwa tayari umejua jinsi mzee anavyojisikia wakati watu wote karibu naye wanaongea kuhusu jambo asilolielewa.

(Kwa wale wa podikasti: Legally Clueless ya Adelle Onyango, ile sehemu ya watu wa kawaida kusimulia maisha yao. Haina uhusiano na mada, lakini barabara ya kwenda kazini ni ndefu na mimi sijakataa kufurahi.)

Mtu ataniuliza, wewe uko Minnesota, haya ya Marani yanakuhusu nini? Swali zuri. Kundi lenu la WhatsApp la familia lina watu wangapi walio nje? Letu lina kumi na moja. Tunatumiwa picha za mabati, tunatumiwa risiti za karo, tunatumiwa bajeti ya mazishi. Tukisema nyumba ianze, inaanza. Tukisema harusi isubiri Agosti, inasubiri. Kwa hivyo siku maneno ya uchawi yanapoanza humo na sisi kumi na moja tunanyamaza, wale waliopo nyumbani wanajua wenye pesa hawajapinga. Huwezi kuwa na sauti kwa mambo ya mabati halafu ukawa mgeni kwa mambo ya uhai wa mtu.

Kwetu ilitokea Disemba hii. Kuna omong'ina jirani, mjane, mtoto wake mmoja yuko Nakuru. Sauti ikatumwa: mama huyu ameonekana tena kwa geti la watu saa kumi usiku, na mtoto wa fulani anaumwa. Wakaanza kujibu. Mungu atulinde. Hii ni mara ya pili. Halafu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akaandika kwamba wazee wakae chini waamue. Mimi hayo maneno nayajua. Nilikuwa kazini, bibi wa ng'ombe alikuwa amelala.

Nikaandika kwa Kiswahili, si Ekegusii, ili na wake za binamu zangu waliotoka makabila mengine waelewe wote. Nikasema: baba mdogo, shikamoo. Huyu mama anaonekana ni mgonjwa. Kazi yangu ni watu wa namna hii. Naomba anti ampeleke hospitali kesho, natuma elfu nne ya gari na vipimo sasa hivi. Na naomba hiyo sauti ifutwe kabla haijatoka humu. Halafu nikatuma pesa kabla mtu hajajibu, kwa sababu nawajua watu wetu, pesa ikishaingia mjadala unabadilika.

Anti alimpeleka. Wakampima wakakuta maambukizi kwenye mkojo. Wengi hawajui kwamba kwa mzee, maambukizi hayo peke yake yanaweza kumvuruga akili kabisa, akaona watu wasiokuwepo, akatoka usiku, na akipata dawa anaweza kutulia ndani ya siku chache. Sasa analala vizuri zaidi, ingawa daktari anataka arudi achunguzwe kumbukumbu, kwa sababu usahaulifu haujaisha wote. Mtoto wake wa Nakuru amekuja mara moja. Mtoto wa fulani aliyekuwa anaumwa alikuwa na malaria.

Mambo hayajawa shwari, nisiwadanganye. Binamu yangu mmoja alitoka kwenye kundi bila kuaga, na nimeambiwa anasema mimi Amerika imenifundisha kudharau mila. Shamba la yule mama, kwa taarifa yenu, liko kando ya lami, na binamu huyohuyo alishawahi kuuliza bei yake. Nimemwomba anti awe anapita pale kila Jumapili baada ya kanisa na kunitumia picha, mama akiwa amekaa mlangoni. Picha tatu zimefika mpaka sasa.

Kinachofuata: nimeongea na kanisa letu hapa kuhusu ukumbi, nataka tuonyeshe The Letter Jumamosi moja ya Machi, wazee na vijana pamoja, halafu tuongee, Ekegusii ikiruhusiwa na kelele pia. Bado naulizia ruhusa ya kuionyesha hadharani. Mchungaji alinyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akauliza filamu ina dakika ngapi. Nimechukua hiyo kama ndiyo. Tarehe ikipatikana nitaiweka hapa. Chai ni juu yangu, mandazi mje nayo.