Gongo Jipya la Nini?

Kwanza niwatoe wasiwasi wasomaji wangu wa Bara. Nikisema gongo sina maana ya kile kinywaji kinachopikwa uchochoroni. Nazungumzia gongo la kuchezea hoki, mpira wa magongo. Naeleza mapema kwa sababu siku moja nilimpigia simu mhariri wangu aliyeko Dar nikamwambia stori itachelewa kidogo, nimeumizwa na gongo. Akakaa kimya, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kama nyumbani wanajua.

Haya. Habari yenyewe ni hii. Mtoto wa ami yangu anaishi Maskati na Sikukuu hii anakuja Unguja. Huyu bwana ana wazimu wa hoki kunishinda. Oman ilipoandaa Kombe la Dunia la hoki ya wachezaji watano, Januari 2024, alikuwa uwanjani karibu kila siku, na kila usiku ananitumia picha. Unadhani picha za mabao? Picha za magongo! Sasa juzi ameleta ujumbe: kuna modeli mpya, kaboni asilimia 90, mwenye duka anamjua, atampunguzia mpaka dola 300. Anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Dola 300 ni zaidi ya laki saba za Kitanzania. Mimi ni mwandishi wa habari. Sidhani kama kuna haja ya kuongeza maelezo.

Nikafanya kosa la kuwaambia wenzangu mazoezini. Wote wakasema chukua. Mmoja akanipiga bega, "Yakhe, ukilipata hilo hushikiki." Mwingine, mtu mzima ninayemheshimu, akasema ndiyo maana sisi hatwendi mbele katika hoki, hatuna vifaa vya kisasa, na mtu akipata bahati ya kuletewa anasitasita.

Vifaa. Neno hilo limeninyima usingizi siku mbili.

Limeninyima kwa sababu nimeliandika mimi mwenyewe mara ngapi sijui. Mnazijua zile habari. Mgeni rasmi amekabidhi jezi na mipira kwa timu ya vijana, nahodha ameshukuru, picha ya watu kumi wameshika mpira mmoja. Tunapewa soda, tunaandika aya sita, tunarudi zetu. Miezi sita baadaye hakuna aliyerudi kuuliza ile mipira iko wapi na nani anaifundisha hiyo timu. Mimi sijarudi hata mara moja. Kwa hiyo ninapopinga hii dini ya vifaa, mjue anayeipinga ni mmoja wa waliokuwa wakiipigia adhana.

Sasa niwaulize swali. Tanzania imewahi kucheza hoki kwenye Olimpiki? Kila mtu anajua Moscow 1980 kwa sababu ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui na zile medali mbili za fedha. Wachache wanajua kwamba mwaka ule ule tulipeleka na timu ya hoki ya wanaume. Mataifa kadhaa yalikuwa yamesusia kwa ajili ya Wasovieti kuingia Afghanistan, nafasi zikapatikana, zikabaki timu sita, na sisi tukiwemo. Tukacheza na India. Tukafungwa 18 kwa bila. Naomba usome tena: kumi na nane. Tukamaliza wa sita kati ya sita na hatujarudi tena mpaka leo. India wakachukua dhahabu.

Watu wa vifaa wakisikia kisa hiki hutikisa kichwa: unaona, vifaa. Lakini mwaka 1980 magongo yalikuwa ya mti! Ya India ya mti na yetu ya mti. Mengi ya zama zile yalitokana na mforsadi, mti unaokubali kupindwa bila kuvunjika, kisha likifungwa utepe na kupakwa gundi limekwisha. Haya ya kaboni yalikuja kuruhusiwa miaka ya 1990. Kwa hiyo siku ile hakukuwa na upande wenye silaha na upande wenye fimbo. Palikuwa na watu waliolishika gongo tangu utotoni, wenye mashindano mwaka mzima, na watu ambao hawakuwa na hivyo. Hayo mabao 18 hayakutoka kwenye mti.

Na kama hujaridhika, nenda upande wa wanawake, Olimpiki hiyo hiyo. Zimbabwe, nchi iliyopata uhuru Aprili mwaka ule, ilikusanya timu wiki chache tu kabla ya mashindano. Ikaondoka na dhahabu. Wale dada walikuwa wachezaji wa klabu wenye miaka ya kucheza miilini mwao. Kilichokusanywa haraka ni timu, si uchezaji.

Au tusiende mbali, twende Nairobi. Mwaka 1971 kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, Kenya walishika nafasi ya nne. Ya nne duniani! Waliikosa shaba kwa kufungwa na India 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Ile timu ya kizazi cha Avtar Singh Sohal, beki aliyekuwa nahodha wa Kenya katika Olimpiki tatu, ilitokana na skuli na klabu zilizokuwa zikikutana wiki baada ya wiki. Kenya ya leo wana magongo ya kaboni mazuri kuliko chochote Sohal alichowahi kushika. Hawako wa nne.

Najua nitajibiwa kuwa dunia imebadilika. Ni kweli, na kilichobadilika zaidi ni kiwanja. Tangu Montreal 1976 hoki ya Olimpiki inachezwa kwenye nyasi bandia, na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipogeuka: mpira unateleza kama uko juu ya kioo, kasi imepanda, na gongo likatengenezwa upya kufuata kapeti. Elewa hilo vizuri maana ndipo ugomvi wangu ulipo. Hili gongo analotaka kuniletea ndugu yangu lina mpindo ulioshuka chini karibu na kichwa. Mpindo huo umewekwa kwa ajili ya kazi maalumu: kwenye kona fupi mchezaji anauburuza mpira kwa gongo, anauinua, anaurusha golini kama kombeo. Kaboni nyingi hulifanya liwe gumu ili nguvu yote iende kwenye mpira isimezwe na gongo. Kwenye kapeti lililomwagiwa maji, jambo zuri sana.

Njoo sasa Mbweni. Watu wakisikia Mbweni hufikiria mageti na mabwawa ya kuogelea, au yale magofu ya skuli ya wasichana ya St Mary's waliyoijenga wamisionari wa UMCA miaka ya 1870. Sisi tunachezea nyuma ya hayo yote. Kiwanja chetu upande mmoja ni mchanga, upande mwingine kifusi, na katikati kuna mzizi wa mwembe ambao mwembe wake ulishakatwa. Wageni hujikwaa, sisi tunautumia kupigia pasi. Hapo hakuna kuburuza. Ukiburuza unachimba. Mpira unakujia ukirukaruka kama panzi, na gongo gumu la kaboni linaukataa, unagonga na kukimbia mita tatu mbele yako, beki anasema asante. Linalokufaa hapo ni gongo lenye kaboni kidogo au fiba tupu, linaloupokea mpira kwa huruma. Na ule mchanga unasugua kichwa cha gongo kama msasa. Modeli mpya ya laki saba ingekuwa na sura ya gongo langu la sasa kabla ya Mfungo Mosi haujarudi.

Halafu hii "modeli mpya" ni nini hasa? Sheria za hoki zimeshalifungia gongo pande zote. Uzito usizidi gramu 737. Lazima lipite kwenye pete ya milimita 51. Mpindo usizidi milimita 25, sheria iliyoanza 2006 watu walipozidi kuyapinda. Ndani ya uzio huo kila mwaka tunaambiwa yamefanyika mapinduzi. Mapinduzi gani yanayoingia kwenye pete ya milimita 51? Mara nyingi ni rangi. Mwaka jana nyeusi na manjano, mwaka huu nyeusi na zambarau, na jina linalofanana na la ndege ya kivita. Magongo mengi yenye majina makubwa ya Ulaya hutengenezwa Sialkot, Pakistan. Mafundi wa mji ule nawavulia kofia. Anayenichefua ni yule anayebandika stika na kutuambia tuone aibu na ya mwaka juzi.

Nisijifanye mtakatifu lakini. Nalitaka. Usiku nimeifungua ile picha nikaikuza kwa vidole viwili kama mtu anayeangalia picha ya mchumba. Gongo langu nililinunua mkononi mwa mtu miaka mitano iliyopita, kichwa kimelika, nyuzi za fiba zimeanza kutoka upande wa ubapa wa kushoto, nazifunga kwa utepe wa umeme. Siku moja zitamchana mtu. Mwenye gongo lililopasuka abadilishe, hilo sibishani nalo, na asingoje nasaha za mwandishi wa gazeti. Nabishana na yule ambaye gongo lake ni zima na anaona kinachomzuia kufunga ni mwaka ulioandikwa juu yake.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelichelewesha kwa sababu ndilo linaloniumiza. Jumamosi wanakuja watoto mazoezini. Wanatoka mitaa ya nyuma, wengine wanatembea mpaka wanafika wamechoka. Jumamosi iliyopita niliwahesabu: ishirini na mmoja. Magongo yao tisa, na katika hayo mawili ni ya watu wazima, yanawafika kifuani. Wanacheza kwa zamu. Tisa ndani, kumi na wawili wamekaa kwenye ule mzizi wakisubiri. Yupo mmoja wa miaka kama kumi na mbili, mikono yake ina akili, mpira ukimfika unalala. Nilimtazama kwa saa. Katika mazoezi ya saa moja na nusu alishika gongo dakika ishirini na tano. Dakika zilizobaki alikuwa anafanya mazoezi kwa kipande cha ufito, bila mpira, peke yake pembeni.

Sasa wale wazee wa vifaa watasema, unaona, na wewe umerudi kwenye vifaa! Ndiyo, nimerudi. Gongo la kumi kwa mtoto asiye na gongo ni kifaa. Gongo la pili kwa mimi ambaye tayari ninalo ni pambo. Tukiyachanganya haya mawili katika neno moja ndipo tunapofika pale pa kulilia nyasi bandia na kaboni huku mtoto anapiga hewa kwa ufito. Na hao India wa mabao 18 hawakuanza na kapeti, walianza na watoto wengi na magongo ya mti mengi.

Jana usiku nikamtumia ndugu yangu ujumbe wa sauti. Nikamwambia ile modeli iache hapo hapo dukani. Aniulizie magongo ya kuanzia, ya fiba au ya mti, nchi 34 na 35, na kwa zile dola aangalie yatafika mangapi. Yangu nitalipeleka kwa fundi wa mashua anayejua kutumia fiba na gundi, tuone atafanya nini.

Akachelewa kujibu. Nikajua amekasirika, watu wa Maskati ukikataa zawadi yao ya nusu bei wanaona umewatukana. Saa sita usiku simu ikalia. Anasema kwa mwenye duka yapo ya watoto, yatapatikana saba, labda manane akibana. Tatizo ni moja tu, yale ya nchi 34 yamebaki ya rangi ya waridi. Je, wavulana wa Mbweni watayashika?

Nimemwambia alete. Jumamosi nitawauliza, nikianza na yule wa ufito.