Alama 14 ya Bujumbura ina thamani gani Kampala?

Anayepakia mzigo Kobero kwenda Kahama haulizi kama kilo ya Burundi ni sawa na kilo ya Tanzania. Lakini akimpeleka mwanawe kusoma shahada ya pili ng'ambo ya mpaka huo huo, karatasi ya matokeo anayobeba kijana haina mizani inayokubalika pande zote.

Chukua alama 14 juu ya 20. Bujumbura, ambako vyuo vinasahihisha kwa mtindo ulioachwa na Wabelgiji, hiyo ni asilimia 70 na mwanafunzi hupewa heshima ya distinksioni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, asilimia 70 ni A. Makerere ni B, maana A yao inaanzia 80. Aliyepata 45 amefaulu Dar es Salaam. Hapa kwetu na Kampala amefeli. Haina maana kwamba Dar es Salaam ni mteremko. Kila chuo kina ukali wake wa kusahihisha, na kwetu mwalimu kutoa 16 ni kama kutoa mkopo bila dhamana.

Viongozi wetu hawakukaa kimya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka vyeti vitambuliwe nchi zote wanachama. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ngazi za shahada zimeoanishwa kwenye makaratasi. Chumba cha kusahihishia mitihani hakijaguswa.

Na humo ndimo mzazi anapoumia. Katika vyuo vingi vya kanda hii mwanafunzi huona namba ukutani, basi. Amepata 8 juu ya 20, lakini alikosea wapi? Anarudia mtihani kwa kubahatisha, pengine anarudia mwaka mzima, na ada inatoka kwenye duka la Buyenzi.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, wafanyabiashara walikasirika, na haki walikuwa nayo. Hata hivyo sababu ilitajwa: sumukuvu, iliyozidi kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni. Zuio lilipoondolewa siku chache baadaye yakaja masharti, na mwenye shehena akajua apime nini. Gunia la mahindi lilipewa maelezo ambayo mwanafunzi aliyelipiwa ada hapewi.

Tutaambiwa madarasa yamejaa, mwalimu mmoja ana karatasi mamia. Ni kweli. Lakini saa moja ya kupitia darasani makosa yaliyorudiwa na wengi, kabla ya mtihani wa marudio, haihitaji bajeti wala mfadhili.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lidai mambo mawili kwa kila chuo mwanachama. Kwanza, karatasi ya matokeo ichapishwe pamoja na kipimo cha chuo na idadi ya wanafunzi wa darasa lile waliofikia alama hiyo. Hapo mwajiri wa Kigoma anayetafuta mhasibu kutoka Bujumbura ataisoma 14 kwa thamani yake. Pili, mwanafunzi arudishiwe karatasi yake ikiwa na maelezo. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, na waziri wetu wa elimu ana haki ya kulipeleka suala hili mezani.